Si jini, ni Siti

Kabla hamjaendelea kuisambaza kwenye magrupu ile klipu ya jirani yangu, anayodai eti ni jini linanguruma nyumbani kwetu, nisikilizeni na mimi. Hakuna jini aliyepanda Michenzani juzi usiku. Yule ni Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab wa zamani, Mungu amrehemu, na aliyemfanya angurume vile ni mimi hapa.

Bibi alikuja na santuri yake kaifunga kwenye kanga. Zile nzito za zamani za kampuni ya HMV, za enzi ambazo Siti alipanda meli mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi. Ukiiangusha huokoti santuri, unaokota vigae. Hajaisikiliza tangu gramafoni ya marehemu babu ilipokufa. Na mimi na mashine yangu mpya ya kupigia santuri, mdomo ukanizidi: "Bibi, kaa kitako, leo utamsikia Siti." Sebule ikajaa. Shangazi, watoto waliotoka chuoni, na yule jirani mbea na simu yake.

Nikashusha sindano. Kimya. Ukitega sikio kwenye sindano yenyewe unasikia kisauti kinalia huko mbali, basi. Nikaongeza sauti ya amplifaya. Nikaongeza tena. Nikaizungusha mpaka ikagota.

"Labda kalala," shangazi akasema.

Sasa hapa twendeni polepole, maana hapa ndipo jirani anapodanganya. Nyuma ya mashine kuna kiswichi: huku PHONO, sauti inatoka dhaifu; huku LINE, mashine inaikuza yenyewe. Amplifaya isipokuwa na tundu la gramafoni, unakiweka kwenye LINE. Nikajipinda juu ya meza, tumbo kwenye kitambaa cha shangazi, makalio kwa wageni, nikakipapasa kwa kidole.

Tk.

Ndugu zangu. Kwanza mikwaruzo, vioo vya dirisha vikaitikia. Kisha likatoka dume, zito, linavuta kila neno likikoroma. Vikombe vikaanza kutembea mezani. Mtoto mmoja akapotelea chini ya kochi. Bibi kashika kifua: "Audhu billahi! Mtoeni huyo!"

"Ni Siti, Bibi!"

"Siti gani ana ndevu?"

Nataka kupunguza sauti, mkono haufiki. Nataka kuinua sindano, naogopa kuchana santuri ya watu. Nikajinyoosha zaidi. Kikoi kikabaki kilipokuwa.

(Klipu inakatika hapo. Mwenye kipande kilichobaki namwomba kwa heshima zote akifute.)

Yaliyofuata hayana maana. Shangazi akachomoa waya ukutani. Jirani wa juu akateremka na chetezo, akaifukiza mashine ubani pande zote nne, na sikuwa na uso wa kumzuia.

Aliyetuokoa ni binamu yangu wa darasa la tatu. Mashine ina vitufe viwili tu vya kasi, 33 na 45, yaani mizunguko kwa dakika. Akauliza santuri ya Bibi inataka ngapi. Nikamwambia 78. Kumbe ilikuwa inazunguka polepole mno, ndiyo maana Siti akanguruma. Akahesabu kwa vidole, akabonyeza vyote viwili kwa pamoja.

Wallahi ndivyo ilivyotengenezwa, vyote viwili kwa pamoja ndiyo 78! Na nyie wajuzi msinijie na habari za sindano. Najua 78 inataka iliyo nene zaidi, nimeshaagiza.

Siti akaimba. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, midomo inamcheza. Halafu akaifunga santuri kwenye kanga yake.

"Ndiye mwenyewe," akasema. "Na wewe mjukuu wangu, kanunue mkanda."