Desibeli 3 za gari dogo: kupunguza kelele za ndani kunalipa?

Mwambie fundi wa gereji kwamba unataka gari lako dogo lipunguzwe kelele za ndani, na mara nyingi atakujibu kuwa hizo ni pesa za kutupa. Nunua tairi nzuri, atasema, hayo mengine ni mambo ya watu wa muziki mkubwa. Kuna ukweli katika jibu hilo na nitaufikia. Ila linamwacha nje dereva ambaye shida yake ni ya kweli: mwenye Vitz, Passo, IST au Probox, anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Iringa au Mbeya kila mara, na anashuka garini kichwa kikimvuma.

Magari haya yaliundwa yawe mepesi na yauzwe kwa bei ya chini. Probox lilipoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 lilikuwa gari la kazi, la kubebea bidhaa na vifaa, na hakuna aliyelitegemea liwe na utulivu wa sebuleni. Bati la mlango halifiki milimita 1 kwa unene. Tairi likipita kwenye lami yenye kokoto zilizochomoza, mtikisiko hupanda kwenye shokapu, ukaingia kwenye bodi, na bati lile pana lililo tupu likaanza kutetema kama ngozi ya ngoma. Kila dereva wa njia ndefu anaifahamu ile sekunde ambayo lami ya kokoto inaisha, unaingia kwenye lami laini, na ghafla unasikia maneno ya redio ambayo dakika nzima yalikuwa yakipotea.

Mwendo wetu nao unachangia. Upepo ndio unaotawala kelele gari linapozidi kilomita 100 kwa saa, lakini barabara zetu hazituruhusu kukaa huko muda mrefu. Vijijini ni 50, kisha unapanda 80 au 90, kisha kibao kingine cha 50. Katika mwendo huo kelele kubwa ni ya tairi na barabara, na hiyo hupenya zaidi chini: sakafuni, na kwenye bati lililo juu ya tairi. Bahati nzuri, huko ndiko kazi ya kupunguza kelele, yaani kubandika raba na sponji kwenye bati, inakofanya vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Kelele ya upepo kwenye vioo ingekuwa ngumu zaidi kuitibu.

Wanaopinga wana namba yao wanayoitegemea. Gari dogo likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu hutoa ndani kelele ya kama desibeli 70, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Sakafu na milango ikifanyiwa kazi vizuri, upungufu mara nyingi ni desibeli 2 hadi 4. Basi wanauliza: kutoka 71 hadi 68, mtu amepata nini?

Swali hilo linahitaji kujibiwa polepole, maana namba hiyo inadanganya kwa njia mbili. Kwanza, desibeli hazijumlishwi kama kilo za sukari. Upungufu wa desibeli 3 maana yake ni kwamba nusu ya nguvu yote ya sauti imeondoka. Sikio halilichukulii kuwa nusu, hilo ni kweli, kwani ili sikio liseme kelele imepungua kwa nusu inabidi zipungue desibeli kama 10. Tofauti ya 3, ukiisikia kwa dakika moja ukiwa umesimama dukani, utaiona ndogo. Ukikaa nayo kuanzia Kibaha mpaka Dodoma ni habari nyingine.

Njia ya pili ni nzito zaidi na husahaulika. Kipimo ambacho simu na vifaa vingi hutumia kimerekebishwa kufuata sikio linavyosikia sauti ndogo, yaani kinazipunguza sauti nzito kabla ya kuzihesabu. Mngurumo wa hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), ule unaousikia kifuani zaidi kuliko masikioni, hukatwa karibu desibeli 19 kabla ya namba kutokea kwenye kioo. Sasa raba inayobandikwa kwenye bati inafanya kazi yake kubwa kwenye mtetemo mzito wa bati. Kwa hiyo mtu anapima kwa simu kabla na baada, anaona tofauti ndogo, anatangaza kuwa ameibiwa, wakati kitu alichokilipia kwa sehemu kubwa kipimo chake hakikihesabu.

Na sauti nzito zina tabia ya kufunika zile zilizo juu yake, yakiwemo maneno ya binadamu. Mngurumo ukiwa mkubwa, mtoto aliye kiti cha nyuma anasema jambo, unasikia kuwa amesema lakini hujui amesema nini. Anarudia kwa sauti kubwa, na wewe unajibu kwa sauti kubwa. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza tabia hii mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Redio nayo inafuata. Baada ya safari ya muda wa saa tatu, ndani ya gari mna kelele ya barabara, juu yake redio, juu yake watu wanaoongea kwa kupaza. Ukishusha ule mngurumo wa chini, vyote vilivyorundikwa juu yake vinashuka pamoja nao. Faida hiyo yote haimo katika ile desibeli 3 iliyoandikwa kwenye simu.

Sisemi kwamba kelele hizi zinaharibu masikio. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kuwa kiwango salama, na gari dogo liko chini ya hapo. Muuzaji anayemtisha mteja kwa uziwi anamdanganya. Ninachozungumzia ni uchovu, na kusikilizana.

Sasa upande wa fundi. Kuhusu tairi ana haki kabisa, na atakayeanza na raba kabla ya tairi atakuwa amepindua kazi. Tairi likizeeka hukakamaa na kelele yake hupanda hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado zipo. Ubavuni pana tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Wengi wetu tunanunua tairi za mtumba bila kuzisoma. Baada ya tairi kuna beringi, kisha mipira ya milango. Fungia karatasi mlangoni, uivute: ikitoka bila kukwama popote, mpira umekufa, na upepo unaousikia unapita hapo. Matengenezo haya ni ya lazima kwa gari lolote.

Ila fundi anaishia hapo kana kwamba bati limebadilika. Tairi likiwa jipya na mpira ukiwa mzima, bati bado ni lile lile.

Hoja yake nyingine naipa uzito: kelele ni taarifa, na dereva aliyezibwa masikio hatasikia beringi ikianza kulia. Ni kweli, baadhi ya sauti hizo zitapungua. Lakini mngurumo ukishuka, sauti ndogo zilizokuwa zimezama ndani yake hujitokeza, na wengi waliofanya kazi hii wanashangaa kugundua dashibodi inayogonga au kiti kinacholia, vitu vilivyokuwepo siku zote. Wala hakuna Vitz litakalokuwa kimya kiasi cha kutosikia honi ya bodaboda. Rolls-Royce walipotoa Ghost mpya mwaka 2020 walisema limewekewa zaidi ya kilo 100 za vizuia sauti. Gari dogo likiwekewa raba ya butili ya milimita 2, ambayo ina uzito wa kama kilo 3 kwa mita ya mraba, litaongezeka kilo 15 au 20.

Kinachoniudhi ni kazi mbovu, maana ndiyo inayoipa hoja ya fundi nguvu. Kuna wanaobandika zile karatasi za lami za kuzibia paa. Gari likianikwa juani Dar es Salaam, lami hiyo inalainika, inanuka, na kwenye mlango inateleza kushuka. Wengine hujaza sponji ya godoro, inanyonya maji ya mvua na kuyashikilia kwenye bati mpaka kutu inatoboa. Sponji inayofaa ni ile yenye vitundu vilivyofungwa, isiyopitisha maji. Matundu madogo yaliyo chini ya mlango ni ya kutolea maji na hayazibwi kwa sababu yoyote. Nguzo za pembeni zenye mifuko ya hewa haziguswi. Na bati halihitaji kufunikwa lote: kubandika robo mpaka theluthi ya kila eneo pana kunaondoa sehemu kubwa ya mtetemo, kwa hiyo anayekuuzia raba ya kufunika kila inchi anakuuzia raba nyingi mno.

Kwa anayezunguka mjini tu, Mbagala na Posta asubuhi na jioni, sina hoja ya kumtoa pesa mfukoni. Kinachomsumbua kwenye foleni huenda ni mauntini ya injini (raba inayoishikilia) iliyochoka, na hiyo hubadilishwa.

Kwa wa safari ndefu, ningeanzia nyuma. Vitz, IST na Probox hazina ukuta kati ya buti na abiria, kwa hiyo kelele ya tairi za nyuma inaingia moja kwa moja. Toa kapeti ya buti na tairi la akiba, safisha bati likauke, bandika raba kwenye shimo la tairi la akiba na juu ya tairi zote mbili, weka sponji juu yake, rudisha kapeti. Ni kazi ya asubuhi moja na vipande vichache vya raba. Kisha nenda nalo Morogoro na kurudi kabla hujalipia sakafu. Milango inaweza kusubiri.