Saba kwenye Jalada, Mmoja kwenye Kibodi

Jumamosi usiku mdogo wangu alinitumia picha ya karatasi ya matokeo ya mradi wa kikundi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara yao. Kikundi namba 9, majina saba, maksi 71 kutoka juu mpaka chini, kama bei elekezi. Chini ya picha akaandika neno moja tu: "Umeona?"

Nimeona. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia saa nane usiku kumuuliza kama amekula, ananijibu bado anahangaika na sehemu ya malipo ya programu yao, ambayo mwenzake alikabidhiwa wiki tatu nyuma, na mwenzake hapatikani. Nikamwambia afungue repo yao, yaani ghala la programu ambamo Git inatunza historia ya kila badiliko, aandike git shortlog -sn, amri inayohesabu komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za kila mtu, anitumie kinachotoka. Komiti 212. Za kwake 168. Majina yaliyotokea ni manne. Watatu hawamo kabisa, hata kwa kusahihisha nukta.

Na somo lenyewe eti ni uhandisi wa programu kwa ushirikiano. Ushirikiano!

Wanafunzi siwalaumu sana. Dezo ni dezo. Ukipakuliwa na hakuna anayeuliza nani kapika, utanawa mikono ukale. Hasira zangu ni kwa anayesahihisha. Linus Torvalds aliiandika Git mwaka 2005 ili maelfu ya watu waliotawanyika duniani, wengi hawajawahi kuonana, wajenge mfumo endeshi wa Linux bila kukanyagana. Kila mstari wa kodi (ndivyo tunavyoyaita maandishi ya programu, TRA wasishtuke) una jina la aliyeuweka, siku na saa. Yaani daftari la mahudhurio lipo na limejijaza lenyewe. Mhadhiri analifundisha wiki ya pili, analitungia swali la mtihani, halafu kazi ikifika anadai ripoti ya kurasa 60 iliyobaindiwa steshenari, jalada la plastiki, majina kwa mpangilio wa alfabeti. Hiyo ndiyo anayosahihisha. Jalada.

Najua, jina kwenye Git linaweza kughushiwa. Mwanafunzi anayejua kulighushi tayari amelielewa somo kuliko wenzake, mpeni maksi zake.

Kwenye mradi wetu wa kikundi, sisi pia tulikuwa saba. Sijui saba hii wanaitoa wapi. Watu saba ni jozi 21 za kuelewana; wangekuwa wanne zingekuwa 6. Usiku wa kuamkia uwasilishaji wawili wetu tuligusa faili moja, Git ikakataa kuamua nani yuko sahihi, ikaweka alama zake za mgongano ndani ya faili na kutuachia tuamue wenyewe. Usingizi ukatuwahi. Asubuhi mfumo wetu wa kugawa vyumba vya hosteli ukafunguka kwenye projekta, na juu ya ukurasa ikajipanga mishale saba, kisha neno HEAD. Mshale mmoja kwa kila mwanakikundi. Jopo likauliza hiyo ni nini. Mwenzetu aliyevaa suti, ambaye repo hakuwahi kuifungua, akarekebisha tai na kusema: "Hiyo ni alama ya usalama wa mfumo." Tukapata 68. Wote.

Haya, nikubali kidogo: komiti si kila kitu. Kwenye kikundi chetu dada mmoja hakuwa na laptopu, na bumu lilikuwa halijatoka. Alikaa kushoto kwangu kwenye kimbweta siku nne, akanitajia mantiki yote ya kugawa vyumba, nani atangulie na nani asubiri, mimi nikawa karani. Historia ya repo inasema ni kazi yangu. Ni uongo, na mpaka leo unanikera. Lakini hata hilo lina dawa: mwishoni mwa maelezo ya komiti unaongeza mstari wa Co-authored-by wenye jina na barua pepe ya mwenzako, GitHub, tovuti ya kuhifadhia repo, inawaonyesha wote wawili. Mstari mmoja tu, na hakuna aliyetufundisha.

Nilipompigia mdogo wangu kumwambia aandike barua kwa mkuu wa idara, akacheka. "Kaka, tulia. Mmoja wa hao watatu ndiye mwenye laptopu niliyokuwa natumia."

Sawa. Apewe maksi za laptopu. Kumi, na asante juu yake. Si 71.

Na wale wawili? Mmoja wao ameshaandika kwenye wasifu wake kwamba aliongoza timu.

Ninachotaka hakihitaji bajeti wala kikao cha seneti. Siku ya uwasilishaji, kabla hatujafika kwenye slaidi za "shukrani kwa Mwenyezi Mungu", mhadhiri aandike amri ile moja kwenye projekta, sote tukitazama. Kisha amchague yeyote aliyemo, amuonyeshe mistari yenye jina lake, amwambie aeleze inafanya nini. Na asiyemo aeleze alikuwa wapi. Dakika kumi kwa kikundi. Akisema muda hautoshi, afute ile ripoti ya kurasa 60. Wenye steshenari watatusamehe.