Lefebvre: hiyo b inafanya nini pale?

Mfaransa anayeitwa Lefebvre akijitambulisha, husikii b yoyote. Hutamka sawasawa na jirani yake anayejiandika Lefèvre, na maana ni ileile: mhunzi. Fèvre ndilo lililokuwa neno la mhunzi katika Kifaransa cha kale, kabla ya kusukumwa kando na forgeron. Siku hizi limejificha ndani ya orfèvre, yaani sonara, na kwenye majina ya watu.

Kwamba mhunzi alizaa majina mengi si ajabu. Kijijini wakulima walikuwa tele, mhunzi mara nyingi mmoja. Ukisema Jean mhunzi, hakuna wa kuuliza Jean yupi. Baadaye lakabu ikarithiwa hata na watoto ambao hawakuwahi kushika nyundo.

Ubishi uko kwenye b. Wanaoibeza wana hoja nzito. Asili ni Kilatini, faber, lakini kaskazini mwa Ufaransa b hiyo ilikwishalainika kuwa v vinywani mwa watu zamani sana. Makarani wa mwisho wa Zama za Kati, waliosomea Kilatini na kupenda kijulikane, wakairudisha kwa wino tu. Hata devoir, yaani wajibu, waliiandika debvoir. Jacques Lefèvre d'Étaples, aliyetafsiri Biblia kwa Kifaransa, kwenye maandishi yake ya Kilatini alijiita Faber Stapulensis. Kwa wasomi wa aina yake, b ilikuwa inaonekana hata isiposikika. Kusini hawakuhitaji pambo hilo. Huko kuna akina Fabre, kama Jean-Henri Fabre, mtafiti wa wadudu aliyezaliwa Aveyron mwaka 1823, na b yao hutamkwa.

Hata hivyo, nadhani makarani wanaonewa. Enzi hizo u na v hazikuwa herufi mbili tofauti kama leo. Andika lefeure kwenye karatasi, kisha mpe mtu asome. Ni u au ni v? Hana pa kushika. Chomeka b, iwe lefebure, na umemdokezea kwamba inayofuata ni konsonanti. Kwa hiyo b ilikuwa na kazi, tena kazi ya maana kuliko kujionyesha. Kichekesho ni kwamba dokezo lenyewe liliwapotosha wengine: wakaisoma b, wakaisoma na u, wakapatikana akina Lefébure wanaotamka zote mbili.

Debvoir ilirekebishwa, ila jina la mtu halirekebishwi na kamusi. Amri ya kifalme ya Villers-Cotterêts ya 1539 iliagiza ubatizo uandikwe kwenye daftari, lakini padri aliandika alivyosikia au alivyozoea. Sheria ya tarehe 23 Agosti 1794 ndiyo iliyokaza kamba: marufuku kutumia jina lisilo kwenye cheti cha kuzaliwa. Aliyeandikwa na b akabaki nayo, na asiyekuwa nayo vivyo hivyo. Mwanahistoria Lucien Febvre hata Le ya mwanzo hakuwa nayo, lakini b alikuwa nayo.

Sasa v ina herufi yake, na aisemaye b kuwa haina kazi tena hasemi uongo. Lakini fèvre nalo limetoka kwenye lugha ya kila siku, na sijasikia mtu akimtaka Lefebvre ajiite Leforgeron.