Ridhaa bila posho: kutoka Lake Placid hadi Mwanjelwa

Barafu tunayoijua sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni sakitu inayounguza viazi kule Kitulo, kwa hiyo mpira wa magongo wa barafuni unaweza kuonekana mchezo wa mbali mno. Hata hivyo, swali lililousumbua katika Olimpiki kwa miongo mingi ndilo linalowakabili wakimbiaji wetu wa Mbeya na Iringa: je, mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa kwa kucheza, ajigharimie mwenyewe?

Wanaoitetea ridhaa wana hoja nzito. Marekani ilipotwaa dhahabu mwaka 1960, kikosini walikuwamo ndugu wawili, Bill na Roger Christian, mafundi seremala ambao baadaye, mwaka 1964, walianzisha kiwanda cha kutengeneza magongo. Walikuwa na kazi ya kurudia. Hoja hiyo hunigusa kila nionapo mwanasoka aliyestaafu na miaka 34 akiwa hana ujuzi mwingine wowote.

Tatizo ni kwamba kanuni ya ridhaa, iliyowazuia wanaolipwa kucheza Olimpiki, haikuwabana wote sawasawa. Wasovieti wa CSKA Moscow, klabu ya jeshi, waliandikishwa kama wanajeshi huku kazi yao halisi ikiwa ni mchezo, ilhali Kanada, ambayo nyota wake walilipwa waziwazi, ilikataa kupeleka timu mwaka 1972 na 1976. Hata ule ushindi wa 4-3 wa wanavyuo wa Marekani dhidi ya Wasovieti kwenye Olimpiki ya Lake Placid, Marekani, tarehe 22 Februari 1980, ulitanguliwa na miezi ya kukaa pamoja na mechi za maandalizi zaidi ya 50, muda ambao mtu anayetegemea kibarua cha kila siku hawezi kuupata. Medali mbili za fedha za riadha ambazo Tanzania ilipata kwenye Olimpiki ya Moscow, mwaka huohuo, zinasema hivyohivyo: Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi, na Suleiman Nyambui alikuwa akisoma chuo kikuu huko Texas.

Namfahamu binti anayekimbia alfajiri kutoka Uyole, kisha saa mbili asubuhi anapanga nyanya mezani pake katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Raba zake zimeshonwa mara tatu, na uzi wa mwisho ni ule wa kushonea magunia. Kwa maoni yangu, hahitaji mshahara wala kuacha biashara. Posho ya miezi mitatu kabla ya mashindano ya taifa, ya kulipia raba, nauli na mtu wa kumshikia meza, ingempa mchana wa kupumzika, na wateja wake angewakuta palepale.