Dishi la Ng'onda

Mimi kazi yangu kushona kofia za vito, hapa Langoni. Kofia moja yaweza kunila miezi mitatu. Mkono una kazi, jicho lina kazi, sikio ndilo halina, na sikio lisilo na kazi mjini Lamu litakuletea kesi, maana vichochoro vyetu havifichi neno. Nikaona bora nilisikizishe muziki.

Mwaka huo ni 2005. Mpwa wangu kaja mbio: "Mjomba, MTV, wale Wamarekani wa video za nyimbo, wamefungua stesheni ya Waafrika, yaitwa MTV Base!" Ilikuwa Februari, na wimbo wao wa kwanza wa 2Face wa Nigeria. Nikauza kofia mbili, nikaagiza dishi. Likavuka na boti kutoka Mokowe, likapandishwa punda, hapo ndipo nilipoona mambo. Kichochoro chembamba, dishi pana. Katikati ya njia tukakutana na punda mwingine kabeba mchanga. Punda hana rivasi. Tukakaa pale mpaka adhana ya alasiri, watu wanaliruka dishi langu kama dimbwi, kila mmoja ana shauri lake na hakuna wa kushika upande.

Lakini likafungwa, muziki ukaja. Kofia za siku zile hata mishono yake yacheza.

Kumbe nimefika karamuni watu wanakunja majamvi. Mama wa stesheni hizi, MTV yenyewe, alizaliwa New York tarehe 1 Agosti 1981, nyimbo mtindo mmoja. Mwaka 1985 akazaa VH1, ya watu wazima wasiotaka kelele, yaani mimi. Kisha 1992 wakachukua vijana saba wasiojuana, wakawatia nyumba moja, wakawapiga picha wakizozana, wakaita kipindi. Hilo la kulipia? Mimi nikifungua dirisha napata nyumba tatu zinazozana, bure, na kwa Kiswahili.

Basi kuzozana kukalipa kuliko kuimba. Mwaka 1996 ikafunguliwa MTV2, ati nyimbo zipate chumba chao. Nako baadaye vituko vikaingia na magodoro yao. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Hawa jembe wamempa mwenye nyumba! Mwaka 2010 wakayafuta hata maneno "televisheni ya muziki" chini ya nembo. Hapo niliwaheshimu kidogo. Kuna hoteli moja hapa ubao wake umeandikwa biriani miaka kumi, na kila ukiuliza ni maharagwe. Na wao wangefuta.

Nikawapigia wenye king'amuzi. Binti akanijibu kwa sauti tamu kuwa muziki uko kifurushi cha juu. Nikalipa cha juu. Nikapata nyumba nyingine ya watu wanaozozana, ila hii ina bwawa la kuogelea.

Sasa sikiza haya. Tarehe 31 Desemba 2025, huko Uingereza, wakazima MTV Music, MTV 80s, MTV 90s, Club MTV na MTV Live, zile zilizobaki na nyimbo. MTV Music ikaaga kwa wimbo ule ule wa The Buggles uliofungua kazi mwaka 1981, usemao video imemuua nyota wa redio. Imemuua nani? Muuza kahawa wetu ana redio iliyofungwa kwa waya, antena yake kijiko, na kila baada ya isha yapiga taarabu mpaka kashata ziishe. Marehemu anakunywa kahawa, muuaji ndiye kazikwa.

Nikasema basi, dishi nalishusha. Nikapanda darini na spana. Nafika juu, nakuta papa kapasuliwa, katiwa chumvi, kalazwa ndani ya dishi langu kama sultani kitandani.

"Mke wangu, nini hiki?"

"Ng'onda. Jua lakusanyika hapo katikati, yakauka upesi."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Kwani wewe hukuona picha imepotea?"

Sikuona. Nilidhani ni kipindi.

Sasa nimepewa zamu ya kufukuza paka. Nashonea huku juu, sindano mkono mmoja, fimbo mkono mwingine. Mpwa, siku hizi ana ndevu, ameniwekea nyimbo za VH1 kwenye simu yake. Paka ni watano, mimi peke yangu, na bando limekatika katikati ya kiitikio.