Dola Ishirini ya Dhahabu: Mizani Kwanza, Hadithi Baadaye

Mtu akishika sarafu ya dhahabu ya Marekani, jicho hukimbilia mwaka. Akikuta 1904 anaona ana kitu cha zaidi ya karne moja mkononi, na bei inaanza kupanda kichwani mwake. Umri huo peke yake hauongezi kitu. Dola 20 za 1904 zilitoka zaidi ya milioni 6 katika kiwanda cha Philadelphia pekee, na ni miongoni mwa zinazopatikana kirahisi kuliko zote. Kwa maoni yangu, anayetaka kukusanya sarafu hizi anunue mizani kabla ya kununua sarafu. Iwe inayosoma gramu hadi desimali mbili.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kuanzia 1837 hadi uzalishaji ulipokoma 1933, sarafu hizi zilikuwa na sehemu 900 za dhahabu katika kila 1,000, iliyobaki ikiwa shaba, ingawa za zamani huwa na fedha kidogo ndani yake. Dola 20 ina gramu 33.436 na kipenyo cha milimita 34; dhahabu safi iliyomo ni wakia 0.9675. Dola 10 ina gramu 16.718 na wakia 0.4838. Dola 5 ni gramu 8.359, wakia 0.2419, na dola 2 na nusu ni gramu 4.18, wakia 0.1209. Wakia hapa ni ile ya wauza dhahabu, gramu 31.1035. Ukitumia ile ya jikoni, gramu 28.35, utajidanganya kwa karibu asilimia 10.

Tuseme wakia moja inauzwa dola 3,000 sokoni. Dola 20 yako ina dhahabu ya dola 2,902.50. Huo ndio msingi, na kila senti unayoombwa juu yake ni ziada inayopaswa kuelezwa: kwa nini? Muuzaji akijibu kwa hadithi ya meli na majambazi badala ya mwaka, herufi ya kiwanda (inayoonyesha sarafu ilitengenezwa wapi) na hali ya sarafu, rudisha pochi mfukoni.

Ziada ya kweli inatokana na uchache, ila uchache wa zilizobaki, si wa zilizotengenezwa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu vitabu vya bei huchapisha idadi ya zilizotengenezwa. Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt aliamuru wananchi wakabidhi dhahabu yao kwa serikali, isipokuwa kiasi kidogo na sarafu adimu za wakusanyaji. Mwaka uliofuata bei rasmi ya wakia ilipandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35, na shehena za sarafu zikayeyushwa kuwa matofali ya dhahabu. Dola 20 ya 1927 yenye herufi D, ya Denver, ilitengenezwa 180,000, na leo zinazojulikana hazifiki 20. Ile ya 1933 yenyewe zilipigwa chapa 445,500 bila kutolewa rasmi kwa umma, na moja tu ndiyo inayoruhusiwa kumilikiwa na mtu binafsi. Iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9 hivi. Kwa hiyo ukitangaziwa ya 1933 kwa bei ya kutupa, huna haja hata ya kutoa mizani.

Zilizookoka, nyingi zilikuwa zimelala katika benki za Ulaya, zimejazwa kwenye mifuko ya turubai. Ndiyo maana sarafu ambayo haijawahi kununua hata mkate inaweza kuwa na mikwaruzo na vidonda vidogo usoni: zilikuwa zinagongana humo ndani. Hiyo si kulika. Kulika kunaonekana sehemu zilizoinuka, ambapo mng'ao wa asili unapotea na rangi inafifia. Kwenye dola 20 ya 1850 hadi 1907, tazama nywele juu ya paji la uso wa Uhuru, yule mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu. Kwenye ile ya 1907 hadi 1933, iliyobuniwa na Augustus Saint-Gaudens, tazama kifua na goti la Uhuru, ambaye humo amechorwa akitembea. Geuza sarafu taratibu chini ya taa moja, si chini ya mwanga wa dirisha uliotawanyika. Mng'ao wa sarafu isiyolika huzunguka kama spoki za gurudumu la baiskeli bila kukatika.

Herufi ya kiwanda nayo ina mtego wake. Kwenye dola 20 za zamani iko chini ya tai. Kwenye za Saint-Gaudens iko juu ya mwaka, ndogo mno. S ni San Francisco, CC ni Carson City, O ni New Orleans, na Philadelphia wakati huo haikuweka herufi. Lakini D ni viwanda viwili: kabla ya 1862 ni Dahlonega kule Georgia, na kuanzia 1906 ni Denver. Kwa kuwa herufi moja inaweza kuzidisha bei mara nyingi, matapeli huibandika. Dola 2 na nusu ya 1911 ndiyo mhanga mkubwa: sarafu halali ya Philadelphia hupachikwa D, na dhahabu yote inabaki halali kabisa. Tafuta kwa lenzi ya sonara, ya kukuza mara 10, mstari au kivuli kuzunguka mguu wa herufi.

Kuhusu bandia kwa ujumla, jaribio la maji linagharimu glasi moja. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Dola 20 halali itasoma karibu 1.94. Shaba nyeupe au njano iliyopakwa dhahabu, ikiwa na uzito uleule, itasoma karibu na 4. Kinachoharibu jaribio ni mapovu yaliyong'ang'ania ukingoni, basi tone moja la sabuni ya maji linatosha kuyaondoa. Pia uzito mkavu usizidi gramu 33.47, kwa sababu sheria iliruhusu kosa la gramu 0.03 tu.

Ila maji hayatakuokoa na bandia iliyotengenezwa kwa dhahabu halisi. Zipo nyingi, hasa za katikati ya karne ya 20, kwa sababu ziada ya wakusanyaji ilikuwa inalipa kazi hiyo. Hizo huumbuliwa na lenzi: vijipele vilivyoinuka, mistari ya patasi karibu na meno ya ukingo, shimo dogo lilelile mahali palepale kwenye sarafu mbili tofauti. Anayenunua kitu chenye ziada kubwa anunue iliyokwisha kukaguliwa na PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu, na kufungwa kwenye kasha la plastiki, kisha alinganishe namba ya kasha na picha kwenye tovuti ya kampuni. Makasha nayo yanaigizwa.

Kampuni hizo hutoa alama hadi 70. Kwa sarafu za kawaida kama ya 1924, sioni sababu ya anayeanza kupanda zaidi ya 63. Juu ya hapo unalipia tofauti ambayo jicho lako bado haliioni, na siku ya kuuza mnunuzi ataiona kwa niaba yako.

Usisafishe. Ndimu, ukwaju, dawa ya meno na kitambaa cha kung'arishia vyote huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na mkaguzi anaona mikwaruzo sambamba mara moja. Kama kuna mafuta, ichovye kwenye asetoni safi bila kusugua, iache ikauke. Madoa mekundu ya shaba yaache yalivyo.

Na kwa sisi wa pwani, ambako sarafu ya dhahabu huishia kwenye mkufu: kipete cha kuning'inizia kikishachomelewa, ziada yote imekwenda, imebaki dhahabu. Hapo angalia sonara anavyohesabu. Sehemu 900 ni karati 21.6, na mwenye kununua kwa karati 21 anakutoa gramu 0.84 za dhahabu safi katika kila dola 20. Mwambie apime upya.