Kaunta za mtandao ndani ya kerneli: biti 32 zinatosha au twende 64?

Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inahesabu baiti na paketi (vifurushi vya data) zinazopita kwenye kadi ya mtandao. Kaunta ya biti 32 inafika mpaka 4,294,967,295, na kama unahesabu baiti hiyo ni kama gigabaiti 4 tu, halafu kaunta inarudi sifuri. Enzi za laini ya megabiti 10 kwa sekunde ilikuwa inachukua karibu saa nzima kujaa hata laini ikifanya kazi mfululizo, kwa hiyo hakuna aliyehangaika. Megabiti 100 ni dakika 5 na ushee, gigabiti 1 ni sekunde 34, gigabiti 10 hata sekunde 4 hazifiki.

Sasa programu nyingi za kufuatilia mtandao zinasoma kaunta kila dakika 5. Ikizunguka mara moja hapo katikati haina neno, unatoa namba ya zamani kwenye mpya kwa hesabu za biti 32 na jibu linatoka sahihi lenyewe, ila kwenye gigabiti 1 iliyojaa inazunguka mara 8 kabla hujarudi kusoma na hizo zote zimepotea. Halafu kuna hili watu wanalisahau: ukikuta namba imeshuka, kaunta imezunguka au mashine imewashwa upya? Kwa biti 32 huwezi kujua kwa kuiangalia tu. Kwa biti 64, hata kwenye gigabiti 100 inachukua zaidi ya miaka 46 kujaa, kwa hiyo ikishuka ujue imeanzishwa upya, basi.

Ila wanaotetea 32 nao wana hoja nzito, tusiwapuuze. Prosesa ya biti 32 haigusi namba ya biti 64 kwa mkupuo, inaisoma vipande viwili, na paketi ikiingia katikati ya hivyo vipande unapata nusu ya zamani na nusu mpya, yaani grafu inaruka gigabaiti 4 ambazo hazikupita popote. Hilo kwangu ni baya kuliko kuzunguka, manake kuzunguka angalau kuna kanuni yake. Watengenezaji wa kerneli ya Linux wenyewe waliliona, muda mrefu takwimu za kadi za mtandao zilikuwa `unsigned long` (aina ya namba katika lugha ya C), biti 32 kwenye mashine ndogo na 64 kwenye kubwa, mpaka 2010 wakaleta muundo wa biti 64 kila mahali pamoja na namba ya mfuatano: anayeandika anaibadilisha kabla na baada, msomaji akiona imebadilika anarudia kusoma. Kwenye prosesa ya biti 64 huo ulinzi hauhitajiki kabisa. FreeBSD 10, mfumo endeshi mwingine, nao wakaja na kaunta za biti 64 ambazo kila prosesa ina nakala yake, zinajumlishwa mtu akiuliza.

Kwa muda mrefu gharama na faida zilikuwa hazikutani, mashine zilizoumizwa na biti 64 ndo zilizokuwa na laini za polepole. Siku hizi kuna ruta za nyumbani zenye chipu ya MIPS au ARM ya biti 32 na mlango wa gigabiti 1, na hapo ndo ubishi wa kweli ulipo. Hata hapo mimi baiti nitaweka 64, kwa sababu kazi inayoongezeka kwa kila paketi ni ndogo na anayesumbuka kurudia ni msomaji, tena kwa nadra, wakati ukibaki na 32 kila programu ya kusoma inalazimika kujitengenezea mahesabu yake na nyingi zinakosea.

Lakini kubadilisha kila kitu kuwa 64 kisa tu ni kubwa, hapana. RFC 2863, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2000, iliweka mipaka: laini ya mpaka megabiti 20 kwa sekunde, biti 32 kwa baiti na paketi, kati ya hapo na megabiti 650 baiti ziwe 64 paketi zibaki 32, kuanzia 650 vyote 64. Wamezingatia kitu kinajaa kwa kasi gani, na paketi moja inabeba baiti nyingi. Kaunta ya makosa ya fremu (paketi zilizofika zikiwa zimeharibika) je? Yakifika bilioni 4 ndani ya dakika 5, huo waya ng'oa kwanza.